Kumwacha au Kumtoa? Grady Little, Kevin Cash na Lawama za Oktoba

Mashabiki wa besiboli nchini Marekani wana kesi mbili wasizochoka kuzifungua upya. Ya kwanza ni ya 2003: Grady Little, kocha wa Boston Red Sox, alimwacha Pedro Martínez aendelee kurusha akiwa ameishiwa nguvu, na timu ikatolewa mashindanoni. Ya pili ni ya 2020: Kevin Cash, kocha wa Tampa Bay Rays, alimtoa Blake Snell akiwa bado anawasumbua wapinzani, na ubingwa ukaenda kwa Los Angeles Dodgers usiku uleule. Little alilaumiwa kwa kumsikiliza mchezaji akaziacha takwimu. Cash alilaumiwa kwa kuzishika takwimu akaacha kutazama kilichokuwa kikitokea mbele ya macho yake. Na mara nyingi wanaomlaumu huyu ndio haohao wanaomlaumu yule.

Sasa mtu anayetazama mechi za Oktoba na anayetaka kuwa na msimamo ashike upande upi? Kwa Afrika Mashariki mechi za World Series, fainali ya ubingwa, huanza kwenye saa tisa usiku, na mpaka awamu ya nane ifike adhana ya alfajiri imeshasikika. Aliyejinyima usingizi kiasi hicho ana haki kamili ya kumhoji kocha. Ninachoomba ni amhoji kwa haki. Ndiyo maana ninaziweka kesi hizi mbili pamoja, niseme wazi nani alikosea zaidi na kwa nini, kisha niziguse nyingine chache zinazosaidia kupima.

Mambo ya kujua kabla ya kuhukumu

Kwa asiyeuzoea mchezo: mechi ina awamu tisa, na katika kila awamu kila timu hupiga mpaka wapigaji wake watatu wazimwe. Mzigo mkubwa unabebwa na mrushaji. Anayeanza mechi hutarajiwa kufika awamu ya tano au ya sita, akijaliwa ya saba. Nyuma yake wapo warushaji wa akiba wanaopasha misuli pembeni, na miongoni mwao yupo wa kumalizia, ambaye kwa desturi hutunzwa hadi awamu ya tisa timu ikiwa inaongoza. Aliyetoka harudi, kama mchezaji wa soka aliyebadilishwa. Tangu 2020 ipo kanuni nyingine: mrushaji anayeingia lazima akabiliane na wapigaji watatu au aimalize awamu, isipokuwa akiumia. Kocha hawezi tena kumwita mtu kwa ajili ya mpigaji mmoja kisha kumtoa palepale.

Jambo zito zaidi ni hili: wapigaji humzoea mrushaji. Mara ya kwanza wanapokutana naye anawababaisha, mara ya pili wanaanza kumsoma, mara ya tatu wanajua mpira unatokea wapi na unapinda vipi. Limepimwa kwa misimu mingi na halina ubishi mkubwa. Kinachobishaniwa kila Oktoba ni kama linamhusu huyu aliyesimama leo kwenye kilima, kile kichuguu cha mrushaji.

Usiku wa Little

Tarehe 16 Oktoba 2003, Yankee Stadium, New York. Ni mechi ya saba na ya mwisho ya fainali ya American League, moja ya ligi mbili kuu, na mshindi anakwenda World Series. Boston hawajachukua ubingwa tangu 1918. Mbele yao wana Yankees, wapinzani wanaowauma kuliko wote.

Martínez alikuwa miongoni mwa warushaji bora waliowahi kuuchezea mchezo huu, na kwa awamu saba alistahili sifa hiyo. Alipoimaliza ya saba alinyoosha kidole juu mbinguni, ishara aliyozoea kuitoa kazi yake inapokwisha, na wenzake wakampongeza kibandani. Alikuwa amerusha mara 100. David Ortiz akaongeza mkimbio mmoja, yaani pointi, kwa mpira uliovuka ukuta, Boston wakawa mbele 5–2. Walibaki wapigaji sita wa kuwazima.

Little akamrudisha.

Mpigaji wa kwanza wa awamu ya nane alizimwa. Derek Jeter akapiga, akafika besi ya pili, kituo cha pili katika mzunguko wa kurudi nyumbani, ambako mkimbio hupatikana. Bernie Williams akapiga, Jeter akaingia nyumbani: 5–3. Hapo Little akatoka kibandani, akapanda kilimani. Anayefuata alikuwa Hideki Matsui, mpigaji mashoto, na Boston walikuwa na mrushaji mashoto, Alan Embree, ambaye alishapasha na yuko tayari. Mike Timlin naye alikuwa tayari. Little akamuuliza Martínez kama bado anaweza. Martínez akasema anaweza. Kocha akashuka, akarudi kibandani peke yake.

Matsui akapiga, besi mbili. Jorge Posada akapiga mpira mlegevu ukadondoka katikati, mahali pasipo na mtu, wakaingia wawili: 5–5. Ndipo Little akarudi kumtoa, mrusho wa 123 ukiwa umeshapigwa. Embree na Timlin waliingia wakaimaliza awamu bila kuruhusu kitu zaidi, na hilo ndilo linalouma hadi leo, kwa sababu walionyesha palepale kwamba kazi ile waliiweza. Sare ikaipeleka mechi awamu za nyongeza, na katika ya 11 Aaron Boone aliupiga mrusho wa kwanza wa Tim Wakefield ukavuka ukuta, Yankees wakashinda 6–5. Boston hawakumwongezea Little mkataba. Mwaka uliofuata, chini ya Terry Francona, walichukua ubingwa.

Usiku wa Cash

Tarehe 27 Oktoba 2020, Arlington, Texas, mechi ya sita ya World Series. Dodgers wanaongoza kwa mechi 3 dhidi ya 2. Rays, timu ya bajeti ndogo iliyofika pale kwa akili na hesabu, wako mbele 1–0 kwa mpira wa Randy Arozarena uliovuka ukuta katika awamu ya kwanza.

Snell alikuwa na usiku wa ajabu. Hadi awamu ya sita alikuwa amewazima wapigaji tisa kwa straiki tatu (mirusho mizuri waliyoshindwa kuipiga), hajampa mtu besi ya bure (anayopewa mpigaji mrushaji akikosea shabaha mara nne), na ametumia mirusho 73 tu. Mpigaji mmoja alishazimwa. Austin Barnes akapiga, akafika besi ya kwanza. Ulikuwa mpigo wa pili tu Snell kuuruhusu mechi nzima.

Waliofuata walikuwa Mookie Betts, Corey Seager na Justin Turner, kila mmoja akikutana na Snell kwa mara ya tatu. Usiku ule watatu hao walikuwa wamemkabili mara sita kwa jumla, na mara zote sita wamezimwa kwa straiki. Cash akatoka kibandani na mkono wake ukaelekea kwa warushaji wa akiba. Akamwita Nick Anderson.

Betts akapiga, besi mbili. Mrusho mmoja ukampita mdakaji, Barnes akaingia: 1–1. Seager akapiga mpira wa chini kuelekea besi ya kwanza, Betts akakimbia nyumbani akafika: 2–1. Awamu ya nane Betts akapiga mwingine ukavuka ukuta, mechi ikaisha 3–1, na Dodgers wakachukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1988. Dave Roberts, kocha wa Dodgers, hakuficha baada ya mechi kwamba alifurahi kumwona Snell akitoka.

Tukiwaweka pamoja

Ukipima kwa matokeo peke yake, wote wawili walikosea, na hakuna unachojifunza. Pima kwa kile walichokijua kabla mpira haujarushwa, na kwa kile kilichokuwa mkononi mwao.

Little alijua mambo matatu. Kwanza, Martínez, kwa uhodari wake wote, msimu ule alikuwa akipoteza makali baada ya mrusho wa 100 hivi. Hii haikuwa siri: uongozi wa klabu chini ya Theo Epstein ulizijali takwimu za aina hiyo. Pili, dalili zilikuwa zimeshaonekana kwa macho, Jeter na Williams wameshapiga. Tatu, Embree na Timlin walikuwa katika hali nzuri sana Oktoba ile. Yaani takwimu zilisema mtoe, macho yalisema mtoe, na wa kumpokea wapo. Kila kigezo kilikuwa upande mmoja.

Cash yeye alikuwa na vigezo vinavyogongana. Kumtoa mrushaji kabla ya mara ya tatu ndiyo njia iliyoifikisha Rays fainali, na msimu mzima wa 2020 Snell hakuwahi kuimaliza awamu ya sita hata mara moja. Kocha aliyeshinda kwa mtindo huo kuanzia mechi ya kwanza hawezi kulaumiwa kwa kuuamini katika mechi ya mwisho. Kwa hiyo wanaosema alikuwa kichaa hawamtendei haki.

Lakini swali la Cash halikuwa Snell abaki au aondoke. Lilikuwa Snell au Anderson. Na Anderson, ambaye katika msimu wa kawaida alikuwa hashikiki, alikuwa ameruhusu mkimbio katika kila mechi kati ya sita zake zilizotangulia za mtoano. Alikuwa amechoka, na kila aliyefuatilia aliliona. Tena Anderson anarusha kwa mkono wa kulia, na msimu ule Betts alikuwa akiwapiga warushaji wa mkono wa kulia vizuri kuliko mashoto, na Snell ni mashoto. Diego Castillo na Pete Fairbanks walikuwepo. Kwa hiyo hata kwa hesabu ileile aliyoiamini Cash, jibu halikutoka sawa. Alijua vizuri kwamba Snell wa mara ya tatu ni dhaifu kuliko Snell wa mara ya kwanza. Hakuuliza kwa ukali kama Snell wa mara ya tatu ni dhaifu kuliko Anderson wa Oktoba ile.

Ukinibana nimtaje aliyekosea zaidi, ni Little, na si kwa kukaribiana. Cash alikosea katika kumchagua mtu wa kumpokea Snell. Little alikosea katika swali lenyewe. Uamuzi wa Cash ungekuwa na mtetezi mzuri kama aliyeingia angekuwa mwingine, wakati ule wa Little hauna mtetezi ila mapenzi kwa mchezaji mkubwa.

Kwa hiyo ukiwa unatazama na unataka kuchagua: elemea upande wa kumtoa mapema, kwa sharti moja zito. Taja kwa jina anayeingia. Kama huwezi kumtaja, au ukimtaja moyo unasita, basi mwache aliyepo. Shabiki anayepiga kelele mtoe, mtoe, bila kujua nani anapasha pembeni hajamlaumu kocha bado.

Mchezaji akisema anaweza

Kuna kitu katika kesi ya Little kinachostahili kutazamwa peke yake, nacho ni lile swali kilimani. Mwanamichezo wa kiwango kile, mbele ya watu zaidi ya elfu hamsini, ukimuuliza kama anaweza kuendelea atajibu nini? Hakuna habari mpya unayoipata. Umejitwisha jibu lake tu, na sasa kumtoa kunakuwa kama kumvunjia heshima.

Terry Collins wa New York Mets aliingia katika mtego huohuo tarehe 1 Novemba 2015, mechi ya tano ya World Series dhidi ya Kansas City Royals. Matt Harvey alikuwa amerusha awamu nane bila kuruhusu mkimbio, mara 102, Mets wako mbele 2–0. Uamuzi wa kumwingiza Jeurys Familia amalizie ulikuwa umeshapitishwa. Harvey akakataa hadharani, akasisitiza, uwanja mzima ukiliimba jina lake. Collins akakubali. Harvey akampa mpigaji wa kwanza besi ya bure, wa pili akampiga besi mbili, 2–1. Familia akaingia akiwa amechelewa, mechi ikasawazishwa, na Royals wakashinda 7–2 katika awamu ya 12 na kuchukua ubingwa.

Collins ninamhurumia zaidi kuliko Little, maana Harvey hakuwa ameonyesha dalili yoyote ya kuporomoka. Ila baada ya ile besi ya bure ya kwanza huruma yangu inakwisha. Kama unampa mtu nafasi kwa sababu ya moyo wake, mpe kwa mpigaji mmoja, na Familia awe amesimama tayari. Kumwacha akutane na wa pili, huku wa kwanza ameshakaa kwenye besi, ni kurudia kosa la Little miaka kumi na miwili baadaye.

Silaha bora: sasa au baadaye?

Hapa ndipo ninapowasihi watazamaji wawe wakali zaidi kuliko walivyo. Lawama nyingi humwangukia kocha aliyemtumia mtu akashindwa. Asiyemtumia mtu wake bora kabisa husahaulika haraka, ilhali kosa lake mara nyingi ni kubwa zaidi.

Mfano mkubwa ni Buck Showalter wa Baltimore Orioles, tarehe 4 Oktoba 2016, Toronto, mechi moja tu ya kufa au kupona dhidi ya Blue Jays. Zack Britton alikuwa ametoka kwenye msimu wa kihistoria: amepewa mechi 47 za kumalizia akazimaliza zote 47, kwa wastani wa mikimbio 0.54 kwa kila awamu tisa. Mechi ikawa 2–2. Awamu ya nane ikapita, ya tisa, ya kumi, na Showalter anawaita warushaji mmoja baada ya mwingine, Britton yuko palepale. Desturi inasema wa kumalizia akiwa ugenini husubiri timu yake iongoze. Awamu ya 11 akaitwa Ubaldo Jiménez, ambaye kawaida yake ni kuanza mechi. Wawili wakampiga, kisha Edwin Encarnación akautuma mpira nje ya uwanja, 5–2, msimu wa Baltimore umekwisha. Britton hakurusha hata mara moja.

Mlinganishe na Terry Francona wiki hizohizo, wakati huo akiwa na Cleveland. Andrew Miller alikuwa mrushaji wake bora wa akiba, na Francona alimwingiza awamu ya tano, ya sita, ya saba, popote mechi ilipoelekea kuvunjika. Hakuisubiri awamu ya tisa imletee nafasi iliyopangwa vizuri. Miller akawa mchezaji bora wa fainali ya American League na Cleveland wakafika mechi ya saba ya World Series. Kati ya hawa wawili sina kusita: Francona. Wapigaji hatari zaidi wa mpinzani wanaweza kuja awamu ya saba, na ukiwatazama wakipita huku mtu wako bora amekaa, hakuna anayekuhakikishia kwamba awamu ya tisa itafika ikiwa bado na maana.

Seattle Mariners wanalijua hili kwa uchungu mpya. Tarehe 20 Oktoba 2025, mechi ya saba ya fainali ya American League mjini Toronto, walikuwa mbele 3–1 katika awamu ya saba, Blue Jays wana watu besi ya pili na ya tatu, na anakuja George Springer. Kocha Dan Wilson akamwita Eduard Bazardo. Andrés Muñoz, wa kumalizia na bora wao, alibaki. Springer akaupeleka mpira nje ya ukuta, 4–3, na ikaisha hivyo. Bazardo si mrushaji mbaya, na mpira wake hushuka vizuri, kwa hiyo Wilson alikuwa na sababu. Lakini ile ndiyo ilikuwa dakika ya Muñoz. Mariners hawajawahi kucheza World Series katika historia yao.

Upo pia upande wa pili wa kosa hilo, wa kumtumia mtu bora kupita kiasi, na Joe Maddon wa Chicago Cubs aliuonyesha katika World Series ya 2016. Mechi ya tano alimrushisha Aroldis Chapman mara 42. Mechi ya sita akamwita awamu ya saba Cubs wakiwa mbele 7–2, na bado akamrudisha kuianza ya tisa ilipokuwa 9–2. Mechi ya saba, usiku uliofuata, Chapman akaingia awamu ya nane Cubs wakiongoza 6–3, mkono wake hauna tena kasi ileile. Brandon Guyer akampiga besi mbili, Rajai Davis akautoa mpira nje, 6–6. Awamu ya tisa Maddon akamwagiza Javier Báez auguse mpira kwa gongo akiwa tayari na straiki mbili, mpira ukatoka nje ya mstari, na kwa kanuni hiyo ni kuzimwa. Ikaja mvua, ikawasimamisha kwa dakika 17, wakarudi wakashinda 8–7 katika awamu ya kumi. Ubingwa wa kwanza wa Cubs tangu 1908.

Nani anamlaumu Maddon leo? Wachache. Kwangu usiku ule na uliotangulia una makosa mengi kuliko ya Cash na Collins wakijumlishwa. Alisamehewa kwa sababu wachezaji wake walimwokoa. Anayetaka kuwa mhakiki wa haki aanze na mechi ambazo timu yake ilishinda.

Kuugusa mpira kwa makusudi

Hili nitalipita haraka, kwa sababu limeshajibiwa. Kumwagiza mpigaji auguse tu mpira, azimwe yeye, ili mwenzake asogee kutoka besi ya kwanza hadi ya pili, kunaonekana busara. Katika misimu ya 2010 hadi 2015 ya ligi kuu, timu yenye mtu besi ya kwanza na hakuna aliyezimwa ilipata wastani wa mikimbio takriban 0.86 hadi awamu iishe. Ikiwa na mtu besi ya pili na mmoja amezimwa, takriban 0.66. Umelipa ili upungukiwe. Hata ukitaka mkimbio mmoja tu, nafasi haiongezeki, inapungua kidogo. Penye maana ni awamu za nyongeza za msimu wa kawaida, ambako tangu 2020 kila timu huanza ikiwa na mtu besi ya pili: mwenyeji anayehitaji mkimbio mmoja, bila aliyezimwa, ana sababu nzuri ya kumsogeza mtu huyo hadi ya tatu. Kwingineko, mwache mpigaji apige.

Lawama zisizo na haki, na moja iliyo nusu

Kuna makosa ambayo yamebebeshwa mtu asiyehusika. Tarehe 25 Oktoba 1986, mechi ya sita ya World Series, mpira wa Mookie Wilson ulipita chini ya miguu ya Bill Buckner wa Red Sox na Mets wakashinda 6–5. Buckner alisumbuliwa na vifundo vya miguu, na katika mechi za mtoano zilizotangulia kocha John McNamara alikuwa akimwingiza Dave Stapleton mwishoni timu ikiongoza. Safari hii hakumwingiza. Hiyo ni lawama ya kocha, na ni ya haki. Ila watu husahau kwamba mpira ule ulipopita, mechi ilikuwa imeshasawazishwa 5–5. Red Sox walikuwa mbele kwa mikimbio miwili na wapigaji wawili wa Mets wameshazimwa, na uongozi ukayeyuka mikononi mwa warushaji kabla Buckner hajainama. Kumbebesha yeye peke yake kwa miaka mingi kiasi kile ulikuwa ukatili.

Vilevile John Schneider wa Toronto mwaka 2023. Tarehe 4 Oktoba, dhidi ya Minnesota Twins, alimtoa José Berríos awamu ya nne baada ya mirusho 47, akirusha vizuri, kwa mpango uliokuwa umepangwa kabla ya mechi. Yusei Kikuchi akaingia, Twins wakapata mikimbio miwili. Nami naona alimtoa mapema mno, hakukuwa na dalili yoyote. Lakini Blue Jays walipoteza 2–0. Timu isiyopata mkimbio hata mmoja haiokolewi na mrushaji yeyote.

Ile iliyo nusu ni ya A.J. Hinch wa Houston Astros, tarehe 30 Oktoba 2019, mechi ya saba ya World Series, nyumbani dhidi ya Washington Nationals. Zack Greinke alikuwa anaongoza 2–0 hadi awamu ya saba. Anthony Rendon akautoa mpira nje, 2–1. Juan Soto akapewa besi ya bure. Greinke alikuwa na mirusho 80. Hinch akamtoa, akamwita Will Harris, na Howie Kendrick akapiga mpira uliogonga nguzo ya mpaka upande wa kulia, ambao huhesabiwa kama umevuka ukuta, 3–2. Nationals wakashinda 6–2.

Ukishika kipimo nilichokitumia kwa Cash, Hinch anasimama vizuri. Dalili zilikuwepo: mmoja kaupeleka nje, mwingine kapewa besi. Aliyeitwa alikuwa na msimu mzuri sana. Na mrusho alioupiga Kendrick ulikuwa chini, nje, mahali hasa Harris alipoulenga. Mpigaji mwingine angeukosa. Harris alikuwa amepigwa na Rendon mechi iliyotangulia, ni kweli, lakini mechi moja si mfululizo wa sita kama wa Anderson.

Nusu ya pili ni Gerrit Cole. Mrushaji bora wa Houston mwaka ule alikuwa miongoni mwa wa akiba usiku ule, siku tatu baada ya kurusha mara 110. Hinch alieleza kwamba alimtunza kwa ajili ya awamu ya tisa, wakiwa wanaongoza. Kutomwingiza katikati ya awamu ya saba, na mtu kwenye besi, kwa mrushaji ambaye kazi yake yote ni kuanza mechi, ninakubaliana naye. Lakini baada ya Kendrick Houston walikuwa nyuma kwa mkimbio mmoja tu, bado wana nafasi tatu za kupiga, hakuna mechi nyingine kesho wala keshokutwa. Awamu ya nane Nationals waliongeza mmoja, ya tisa wakaongeza miwili, dhidi ya warushaji wengine. Cole alikuwa akiusubiri uongozi ambao haukuwepo tena. Hapo ninamlaumu Hinch, na hapo tu.